Sinan wa Alasiri

Wadi Kabir, Maskati
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Dada yangu Khole,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Goti la mke wangu Aliya limepungua uvimbe, kwa hiyo amerudi kunituma dukani kwa sauti ileile unayoijua. Joto linaanza kutuachia. Achari ya ndimu imefika, ila chupa moja ilivuja ndani ya mzigo wa Yaqoob na amenung'unika nayo mpaka nikamwambia ashukuru kunukia vizuri mara moja katika maisha yake.

Umesema mambo ya mwanao Sinan tusiyaseme kwenye simu, maana simu yako inashikwa na nyumba nzima na kila sauti inayoingia inasikilizwa mpaka na jirani. Sawa. Na umri wangu huu nimekwenda kununua daftari kama mtoto wa skuli. Barua hii atakupa huyohuyo Yaqoob, ambaye hana kazi ila kupanda ndege kati ya Maskati na Unguja na marobota yake ya vitambaa. Mpokee vizuri, lakini usimpe chai mara mbili, hatoondoka.

Sasa tuzungumze mpira. Mechi sita, mabao kumi na moja. Nnarudia kwa sababu najua utataka kuyasoma tena: mabao kumi na moja. Timu yetu ya Nujumu haijapata mshambuliaji kama huyu tangu sisi tulioletwa kutoka Unguja tukiwa watoto tulipoianzisha hapa Wadi Kabir. Ijumaa baada ya swala ya alasiri uwanja wa Ghala, kule nyuma ya magereji, unajaa mpaka watu wanakaa juu ya mapaa ya magari yao. Mimi nipo juu ya pikapu na kipaza sauti changu. Nnatangaza kwa Kiswahili, na Kiarabu kidogo kwa ajili ya wageni, na rekodi inakwenda kwenye kundi la familia kabla sijateremka. Najua unazisikiliza zote. Shurooq kaniambia kuwa ukisikia bao la kaka yake unazima jiko ili usikie vizuri.

Lakini mwaka jana sijausahau, dada. Kwenye makundi alifunga tisa, mtoano ulipoanza hakufunga hata moja. Mechi tatu kijana anaupisha mpira pembeni kama mtu anayempisha mkubwa njiani. Nikasema kwenye kipaza sauti kuwa kaingiwa na khofu, na wewe ukaninunia wiki mbili. Kwani nilikosea wapi? Mtoano unaanza Disemba. Nakuuliza kama dada na kama shabiki: mtoto wako ana nini?

Anakaa kwangu, anakula vizuri, kazini kwake Wattaya wanampenda. Siku nzima anayapanga na kuyaosha magari ya maonesho na hajalichubua hata moja. Kwa hiyo siyo afya.

Ndugu yako,
Thabit


Kikwajuni, Unguja
Jumapili, 10 Novemba 2024

Ndugu yangu Thabit,

Waalaykum salaam. Barua yako Yaqoob kaileta baada ya kukaa nayo wiki tatu mfukoni. Chai nilimpa moja. Wifi Aliya mpe pole ya goti, mwambie akande maji ya moto na chumvi, asikusikilize wewe.

Khabari kubwa ya huku ni Shurooq. Ameposwa. Aliyeposa ni Bi Ibtihal wa hukohuko Maskati, kwa mwanawe Alaa, yule mhandisi. Watu wazuri, lakini wanauliza sana. Wameuliza mpaka bibi yake marehemu mume wangu Khalil alikufa na nini. Bi Ibtihal mwenyewe atakuja Januari kuitazama nyumba na kutoa jibu. Kwa hiyo nnafagia hata juu ya makabati.

Mwezi huu umetimia mwaka wa kumi na moja tangu mume wangu agongwe na lori njia ya Amani baada ya magharibi. Tumemsomea khitma ndogo. Sinan alipiga simu, hakusema mengi.

Sasa wewe na kipaza sauti chako. Mimi nimesikiliza watangazaji tangu redio ikitumia betri kubwa, na nakwambia kazi ya mtangazaji ni kusema anachokiona. Mpira uko wapi, nani anao, nani kaanguka. Khofu ya mtu huioni kutoka juu ya pikapu. Wewe unaona mguu umekosa mpira, basi unaruka unaingia moyoni mwa mtu na viatu vyako. Mtoto ana miaka ishirini na nne, anafunga mabao kumi na moja, na kilichobaki kwenye vinywa vya watu ni yale unayoyasema wewe.

Nijibu haya. Hizo mechi za mtoano zinachezwa saa ngapi, na kwa nini zisichezwe jioni kama zamani huku kwetu, tulipokuwa tukimaliza kabla ya adhana ya magharibi? Uwanja una taa ngapi? Na Sinan anarudije nyumbani baada ya mechi hizo? Hili la mwisho nijibu hata ukisahau mengine.

Dada yako,
Khole


Wadi Kabir, Maskati
Jumamosi, 14 Disemba 2024

Dada yangu Khole,

Salamu nyingi, na hongera ya Shurooq. Alaa ninamjua kwa sura, kijana mpole, anaegesha gari bila kupiga honi. Bi Ibtihal naye ninamjua kwa sauti. Mungu awasahilishie.

Umeniuliza taa kama vile wewe ni fundi umeme. Haya. Mtoano unachezwa baada ya isha kwa sababu watu wanatoka kazini, na watu wakijaa mashindano yanapendeza. Taa ziko nne. Mbili zinawaka vizuri, moja inakonyeza, moja imekufa tangu mwaka jana. Na Sinan anarudi na Loay, nahodha wetu. Gari analo, la kwake mwenyewe, lakini magharibi ikiingia anaona uvivu wa kuliendesha. Hata kutoka kazini kwake Wattaya, siku za kuchelewa analiacha hukohuko na kudandia la mwenzake. Mimi naona anabana petroli. Umeridhika?

Jana tumecheza robo fainali. Tumepita kwa penalti, alhamdulillah, lakini siyo kwa mwanao. Dakika ya kumi na mbili Loay kampigia krosi ambayo hata mimi na tumbo langu ningeiingiza. Mpira umeshapita mbele yake, ndipo mguu unainuka. Dakika ya arubaini kagongana na mshika kibendera, mtu mzima kasimama palepale na kibendera chake cha manjano, na Sinan kamwingia kifuani kama mlango ulioachwa wazi. Watu wakacheka. Nami nikacheka, na kipaza sauti kilikuwa wazi. Nikasema, "Huyu ni Sinan wa Alasiri. Wa isha hatujaletewa bado." Uwanja mzima ukapasuka. Sasa hata watoto wa Wadi Kabir wanamwita hivyo, na yeye anacheka nao.

Zilipofika penalti alikataa kupiga. Mshambuliaji mwenye mabao kumi na sita kakaa chini, anafunga kamba za viatu.

Hapa kila mtu ana lake. Loay anasema viatu vipya. Kocha anasema hasadi, kamletea maji ya kusomewa. Aliya anasema mtoto anakukumbuka. Mimi nasema khofu, na nitasema khofu mpaka nionyeshwe kitu chengine. Mtu anayefunga mchana kweupe na kupotea watu wakiwa wengi, hiyo ni nini kama siyo khofu?

Nusu fainali ni Ijumaa ya tarehe 17 Januari.

Ndugu yako,
Thabit


Kikwajuni, Unguja
Alkhamisi, 2 Januari 2025

Thabit,

Nakusalimia, na Wifi Aliya namsalimia zaidi. Mvua ya vuli imechelewa kwisha, ukuta wa uani umeota ukungu na nimempata mtu wa kuupaka chokaa kabla ya wageni. Shurooq amejishonea mwenyewe nguo ya kumpokelea mkwewe. Bi Ibtihal atafikia hapa kwangu, na Ijumaa hiyohiyo ya tarehe 17 ndiyo atasema neno lake.

Lile jina liache. Nimelisikia jikoni kwangu. Shurooq alikuwa akiicheza rekodi na kucheka, hakujua kuwa mimi nipo mlangoni. Nimekulea, Thabit, nimekufunga vifungo vya shati ukienda chuoni kusoma Kurani, na sijapata kukuomba kitu kwa maneno haya: liache.

Pili, nusu fainali asicheze. Mwekeni benchi, semeni kaumia, semeni mtakalo. Tatu, asiendeshe gari usiku, hata kutoka hapo mpaka msikitini.

Usiniulize kwa nini. Nna sababu zangu na siyo zangu peke yangu.

Umeniandikia kuwa kamgonga mtu mzima mwenye kibendera cha manjano. Ulikiona kisa kile kwa macho yako, ukakitangaza, ukakicheka. Sasa kaa ukifikirie.

Khole


Wadi Kabir, Maskati
Jumamosi, 11 Januari 2025

Dada yangu Khole,

Salamu. Goti la Aliya limerudi kuuma na mimi nimerudi kupika, kwa hiyo usishangae nikiandika kwa ukali.

Unaniomba nikamwambie kocha amweke nje mshambuliaji wake wa kwanza katika nusu fainali, na akiniuliza kwa nini nimwambie dada yangu hataki. Loay atanizomea. Watasema familia yetu ndiyo yenye khofu, siyo Sinan tu. Mimi na timu hii nimezeeka nayo, dada. Nipe sababu, moja tu, na mimi mwenyewe nitamkalisha benchi, hata kwa kumkalia juu. Bila ya sababu siwezi.

Jina nalo siwezi kulirudisha. Limeshatoka. Hata nikinyamaza mimi, watu watalisema.

Lakini kuna jambo sikutaka kukwambia. Juzi taa ya ngazi imeungua. Natoka kuswali isha, namkuta Sinan anateremka kwa kupapasa ukuta, viganja viwili, na mguu unatafuta kipandio. Mimi nilipanda palepale na giza lilelile bila ya tabu. Nikamsogelea nikamnusa pumzi, Mungu anisamehe, nikidhani amekunywa kitu. Akacheka, akasema, "Mjomba, ngazi zenu mbaya." Nikamkalisha nikamuuliza kama mwanangu: una nini wewe na usiku? Akasema, "Muulize mama."

Basi nakuuliza. Barua hii anakuja nayo Jumana, binti wa jirani, anasafiri kesho kutwa na hana tabia za Yaqoob. Itafika upesi. Nijibu upesi.

Thabit


Kikwajuni, Unguja
Jumatano, 15 Januari 2025

Thabit,

Salamu zote chukua kama nimezisema. Jumana kanipa barua yako jana jioni. Nimeisoma mara nne, na kila nikifika pale Sinan aliposema muulize mama siwezi kuendelea.

Sinan haoni usiku. Siyo kwamba anaona vibaya. Jua likizama inakuwa kama kafunikwa ndoo kichwani na kutobolewa tundu moja mbele. Kwenye taa kali anaona chini ya taa tu, pembeni hakuna kitu. Mchana anaona sawasawa, na sindano anaitia uzi. Khalil alikuwa hivyohivyo, na ami yake Khalil, yule aliyekuwa akishikwa mkono kwenda msikitini na nyinyi mkidhani ni uzee. Lile lori la Amani halikuwa na kosa. Dereva alipiga honi, Khalil aliisikia na hakuona inatoka wapi, akaingia njiani. Dereva yule nimemwacha asemwe miaka kumi na moja.

Sinan nilimtambua ana miaka tisa. Akirudi chuoni magharibi anaikanyaga kila ndoo iliyopo uani. Tulimpeleka Dar es Salaam. Daktari akatwambia maradhi haya yanakwenda kwa damu, dawa hayana, na mwisho hata mchana utafunga. Khalil akaniapisha nisimwambie mtu. Alisema hakuna atakayeoa nyumba yenye vipofu. Khalil alipokufa nikamwapisha Sinan, ana miaka kumi na tatu, kabla hata matanga hayajakwisha. Ndiyo maana anacheka. Nimemfundisha mimi kucheka.

Utasema kwa nini nisipige simu. Bi Ibtihal ameshafika. Analala chumba cha Shurooq, ukuta mmoja na mimi, na nyumba hii haisitiri neno. Nikitoka nje kupiga simu ataniuliza nilikuwa nasema na nani. Shurooq macho yake mazima, lakini nani atatuamini? Keshokutwa jibu likishatoka nitapumua, na hapo nitakusimulia kwa sauti yangu.

Yaqoob anasafiri kesho. Ijumaa asubuhi barua hii iko mkononi mwako, mechi ni baada ya isha, nafasi ipo. Nimemwambia ni salamu tu, asije akaitilia maanani na kuifungua. Sinan asicheze. Funguo za gari mchukulie. Ukishasoma ichane.

Nakutegemea wewe.

Khole


Wadi Kabir, Maskati
Jumamosi, 8 Februari 2025

Dada yangu Khole,

Sijui salamu gani inafaa. Aliya anakusalimia, hajatoka chumbani vizuri. Watu wa Wadi Kabir wanakusalimia, walikuja wote, na wale tuliocheza nao walikuja na jezi zao chini ya kanzu. Tulimzika Sinan siku ya pili ya mechi, Jumamosi baada ya adhuhuri. Mimi mwenyewe niliingia kaburini kumpokea.

Siku ile ya kwanza kwenye simu tulilia tu. Tangu hapo nakupigia na hupokei, Shurooq ananiambia umelala. Sasa nimefahamu kwa nini hutaki kunisikia, na sifahamu nikwambieje.

Barua yako ya tarehe 15 nimeipata tarehe 24. Wiki nzima baada ya mechi. Yaqoob alipandwa na presha siku ya safari akaisogeza tikiti mbele. Alikuja kunipa pole, akaitoa barua chini ya boksi la karafuu, akaniambia, "Na hizi salamu za Bi Khole." Niliisoma ndani ya gari mbele ya nyumba. Nilipomwambia ilikuwa na nini alikaa chini kwenye vumbi. Anasema, "Aliniambia ni salamu tu. Ningejua ningempa mtu mwengine uwanja wa ndege." Sikuweza kumgombeza.

Na mimi nimekaa nayo wiki mbili bila ya kukuandikia. Sina udhuru. Niliogopa.

Sasa nakwambia ilivyokuwa, maana wengine watakwambia kwa kunionea haya. Tulifungwa moja bila. Dakika ya sabini na nane kipa wao kalala chini, na mpira umesimama hatua mbili kutoka golini, miguuni mwa Sinan. Kasimama, anageuza kichwa huku na huku, anautafuta. Nikasema kwenye kipaza sauti, na siyapunguzi maneno yangu: "Sinan wa Alasiri, jua limezama, nenda nyumbani." Walicheka mpaka wapinzani. Naye akaenda. Alivua jezi akatoka bila ya kubadilishwa. Loay, kwa hasira, akampigia kelele kuwa leo hampakii. Gari la Sinan lilikuwepo, alikuja nalo mchana. Mimi niko juu ya pikapu, dada, naona kila kitu. Nilimwona anavyopita kwenye magari yaliyoegeshwa, anayagusa moja moja kwa mkono mpaka akalifikia lake. Wiki moja kabla nilikuwa nimemwona kwenye ngazi. Nikageuka nikaendelea kutangaza. Zilibaki dakika kumi na mbili na nilizitangaza zote.

Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya njia, palepale Ghala, bila ya taa. Polisi wanasema hakuwa mbio, ila hakukanyaga breki hata kidogo. Wanashangaa kwa nini.

Barua sikuichana. Kipaza sauti nimekirudisha kwa timu. Rekodi zote za miaka miwili ninazo, na ile ya usiku ule watu bado wanarushiana, wengine hawajui hata aliyekufa ni nani. Nataka nizifute zangu zote na niwaombe wengine wafute. Nangoja neno lako. Na ukiwa hutaki kuniandikia tena, niambie hilo pia.

Thabit


Kikwajuni, Unguja
Jumapili, 9 Machi 2025

Thabit, mdogo wangu,

Ramadhani imetukuta hai, sote wawili. Nimefunga, ingawa Shurooq hataki. Mwambie Aliya ubani wake umefika na nimeufukiza chumba alichokuwa akilala Sinan akija likizo.

Siku ishirini na tano niliamini kuwa barua umeisoma. Niliamini uliisoma Ijumaa asubuhi, ukamchezesha, kisha ukamwambia yale mbele za watu. Nilikuombea mabaya kwenye sijida. Nakwambia kwa sababu na wewe umeniambia yako. Kama ungeniandikia ile tarehe 24, ningekuchukia siku chache baada ya hapo na basi.

Ile rekodi ilinifikia kabla ya khabari ya ajali. Nilikuwa namtilia chai Bi Ibtihal, Shurooq kaiwasha simu, na wewe ukasema nenda nyumbani. Bi Ibtihal akacheka, akaniuliza, "Huyo ndiye mwanao?" Nikamwambia ndiye. Jibu la posa alikuwa ameshalitoa baada ya swala ya Ijumaa, amekubali. Nilikuwa na furaha, Thabit. Nataka ujue kuwa saa ile mimi nilikuwa na furaha, na nilikuwa nawaza kuwa umeshamkalisha benchi na hapo wanamtania tu.

Wiki tatu zilizopita nimempigia Bi Ibtihal nikamweleza kila kitu. Nilisimama uani na simu nikaiweka sauti juu. Akasema atazungumza na mwanawe. Hajapiga tena. Shurooq kaivua pete mwenyewe, ipo juu ya kabati. Nimempeleka akapimwa, macho yake mazima, na hakuna aliyeuliza. Yeye kaniuliza kitu kimoja tu: "Mama, kwa nini hukumpigia mjomba?"

Yaqoob msimsumbue. Aliambiwa salamu akabeba salamu.

Wewe sijakusamehe. Nikikusamehe nitakwambia, usiniombe kwa ajili ya mwezi huu. Nafsi yangu sijui nitaifanyaje.

Rekodi usifute. Shurooq alizifuta zote simuni mwangu siku ya msiba, kwa kunihurumia, na sasa sina kitu. Picha ninazo, lakini picha zimesimama. Mtu pekee aliyekuwa akilitaja jina la mwanangu akiwa anakimbia ni wewe. Nataka ile ya mabao manne, uliyopiga kelele mpaka ukakohoa na Aliya akasikika nyuma anakuletea maji. Nataka za mwaka juzi. Nataka na ile ya mwisho, nzima, na usizikate zile dakika kumi na mbili. Alipokuwa akiyagusa magari, nataka kusikia wewe ulikuwa unasema nini.

Usimpe mtu aniletee. Zirushe kwenye kundi la familia, wasikie wote, na juu yake andika kwa nini alikuwa haoni. Hii ni barua yangu ya mwisho ya mkono. Ukiwa na neno, piga simu. Simu iko mezani, nyumba nzima ipo, na nitaiweka sauti juu.

Dada yako,
Khole